Mlango Ulio Wazi na Ngazi Zake Tatu

Kila panapozuka mazungumzo ya ibada na watu wenye ulemavu katika visiwa hivi, jibu huja upesi, nalo huja kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda hoja: msikiti ni nyumba ya Mungu, mlango wake u wazi, wala hajafukuzwa mtu. Ni kweli, ila ni kweli inayotumiwa kuifunika kweli nyingine. Mlango u wazi. Lakini mbele yake pana ngazi tatu za mawe, ndani pana birika la kutawadhia lenye ukingo unaoteleza, na juu ya mimbari yuko khatibu ambaye kiziwi humwona akifumba na kufumbua midomo tu. Mwenye kiti cha magurudumu hajafukuzwa, la hasha. Ameachwa nje bila ya kuambiwa neno.

Anayedhani kuwa hapa panatiwa chumvi na asimame Ijumaa, baada ya sala, nje ya msikiti mmojawapo wa mjini. Watu wenye ulemavu wapo, wala hawakosi. Wameketi kivulini mwa ukuta, viganja juu. Waumini hutoka na manukato yao, hutia sarafu, huitikiwa kwa dua, hupita. Hapana ubaya katika sadaka, nayo ni nguzo ya huruma ya miji hii tangu zamani. Ubaya ni kuwa sarafu ile imekuwa kodi ya kulipia nafasi katika safu: atoaye hujiona amemaliza haki ya mwenzake, na mpewaye amekwisha kujua mahali pake ni wapi. Huyu aliyeketi ukutani, lau angejikokota hadi safu ya mbele, wangapi wangemsogelea bega kwa bega bila ya kuyatazama magoti yake?

Wapo wenye elimu watakaojibu kuwa sheria imekwisha kumhurumia: mgonjwa na asiyejiweza amepewa rukhsa ya kuswali nyumbani. Hoja hii ndiyo inayostahili kujibiwa kwa urefu, kwa kuwa imevaa joho la dini. Rukhsa ni haki ya aliyepewa. Ni yake kuitumia au kuiacha. Jirani hana haki ya kuichukua rukhsa ya mwenziwe akaifanya komeo la mlango. Na katika hadithi iliyopokewa na Muslim, yumo kipofu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akitaka ruhusa ya kuswali kwake, kwani hakuwa na wa kumshika mkono. Akaulizwa kama adhana humfikia. Alipokiri kuwa humfikia, akatakiwa aiitikie. Watu huisimulia habari hii kumwonya mvivu mwenye macho mawili. Waisome tena. Ikiwa asiyeona anatakiwa aje, basi njia ya kumfikisha ni deni la nani? Aliyeitwa akakuta njia imezibwa hana la kujibu. Wa kujibu ni aliyeiziba, na aliyeipita kila siku asiitazame.

Ibn Umm Maktum alikuwa haoni. Kwa ajili yake, kama walivyoeleza wafasiri wengi, iliteremka sura ya 80, Abasa, ambamo Mtume mwenyewe analaumiwa kwa kukunja uso na kumgeukia mkuu wa Makureshi. Huyo huyo ndiye aliyekuwa mwadhini wa Madina pamoja na Bilali; katika Ramadhani, Bilali aliadhini usiku ungali usiku, na watu waliendelea kula daku mpaka waisikie sauti ya Ibn Umm Maktum, ambaye naye hungoja aambiwe kuwa kumepambazuka. Mji mzima ulifunga kinywa kwa sauti ya mtu asiyeiona alfajiri. Zaidi ya mara moja aliachiwa Madina aiangalie, Mtume alipokuwa safarini. Hakuwekwa ukutani.

Hoja ya najisi ya magurudumu haihitaji karatasi nyingi: kitambaa na maji vinatosha.

Hoja ya urithi ina uzito zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001; haifai kubomoa ngazi za wahenga kwa nyundo. Sawa, lakini nani ametaka nyundo? Mteremko wa mbao huwekwa na kuondolewa. Na misikiti iliyojengwa jana kwa saruji na vigae, yenye ngazi ndefu kuliko zile za kale, inahifadhi urithi wa nani?

Kuhusu viziwi, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya ishara kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mbunge hutafsiriwa, khatibu, katika misikiti mingi, hatafsiriwi. Na hii ni pwani iliyotafsiri! Hamziya ilitiwa katika Kiswahili zamani sana, ili asiyejua Kiarabu asikose mapenzi ya Mtume, na mwaka 1969 Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatoa tafsiri yake kamili ya Kurani. Mapokeo yaliyovuka kutoka lugha hadi lugha yanashindwaje kuvuka kutoka mdomo hadi mikono? (Washairi nao wasijitoe. Kipofu, kiziwi, kiwete: lugha imewapanga na viti na vikombe. Kiongozi naye yumo humo, ni kweli, lakini kiongozi hajawahi kutiwa katika shairi kuwa mfano wa balaa.)

Kila mwaka Lamu hujaa wageni wa Maulidi. Wanaomsifu Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, wanajua alichokifanya: aliwasomesha watumwa na wana wa watumwa, waungwana wakachukia, na Riyadha, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikawapokea na matari yao. Waliochukia siku zile nao hawakusema mlango umefungwa. Walisema kila mtu ana mahali pake.

Matondoni wapo mafundi wa majahazi, na Nungwi wapo. Wanaoweza kuupinda ubao ukafuata ubavu wa chombo hawatashindwa na mteremko wa ngazi tatu. Mbao chache, misumari, na fundi aanze Jumatano.