Gauni Lina Upindo, Kiatu Hakina



Kila Januari tunapopanda boti kwenda Dar kuchukua mzigo, Kariakoo huwa haipitiki. Mtaa wa Kongo umejaa mabegi, sare, soksi nyeupe, na viatu vyeusi vilivyopangwa juu ya turubai, mguu mmoja mmoja, mwenzake yumo ndani ya kiroba. Mama anashika kiatu, anakipima kwa kiganja, anauliza: "Huna namba kubwa ya hiki? Mtoto anakua." Muuzaji anatoa kikubwa zaidi. Mama analipa, anaondoka. Mtoto mwenyewe yuko nyumbani.

Hatumsemi mtu, mama huyo ni sisi. Mwaka juzi mwanetu akiingia darasa la pili tulimchukulia namba 33, na mguu wake ni wa 30. Tukajiona tuna akili. Mbele tukajaza pamba. Wiki ya tatu akaanza kusema tumbo linamuuma kila asubuhi. Tukampa maji ya tangawizi, tukamsomea, akaenda skuli hivyo hivyo. Jioni moja tunamtia udhu kwa ajili ya Magharibi, maji yalipogusa kisigino akapiga kelele. Lengelenge lilikuwa limepasuka, na vidole vimechubuka kwa kuking'ang'ania kiatu kisivuke. Tukamuuliza mbona hukusema? Akajibu: "Mlisema viatu ghali."

Jibu hilo tumelala nalo usiku mwingi.

Sisi tunaoshona tulikosea kwa sababu tulihamishia akili ya cherehani kwenye kiatu. Gauni la skuli unaliachia upindo wa nchi mbili, mwakani unaufungua, mtoto anaendelea nalo. Upindo ule haumsumbui, umelala ndani ya nguo. Kiatu hakina upindo. Ziada yote iko wazi, mguu unateleza ndani yake kila hatua, kisigino kinasuguliwa, mtoto anajikwaa kwenye ngazi za daladala.

Tena tupige hesabu. Katika namba hizi za 28, 29, 30, kutoka moja hadi nyingine ni chini kidogo ya milimita 7. Namba tatu tulizoongeza ni sentimita 2. Mguu wa mtoto wa skuli ya msingi huongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo kile kiatu kilikuwa kinangoja miaka miwili ndipo kimkae sawasawa. Kiatu gani kitavumilia mchanga, mpira na mvua za masika miaka miwili? Soli itaachia kabla. Mtoto anakivaa kikubwa kikiwa kipya, na siku kinapomtosha kimeshachanika. Tunaita kubana matumizi, na kumbe pesa imepotea.

Tunajua wengine watasema pesa haipo, na ni kweli. Bara elimu bila ada imeanza 2016, lakini sare na viatu bado ni vya mzazi, na Januari kila kitu kinakuja kwa pamoja. Rai yetu ni hii: nunua pea moja inayomkaa, uache pea mbili za kubahatisha. Mitumba ya Karume pia si aibu, ila geuza kiatu utazame soli. Ikiwa imelika upande mmoja, kimeshafuata mwendo wa mtoto mwengine, kiache. Na kiatu kinachombana usiseme kitatanuka. Mifupa ya mguu wa mtoto bado ni laini, inakubali kupinda kimya kimya.

Kupima hakuna gharama. Kama unaweza, nenda na mtoto, tena alasiri, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima. Avae soksi zake za skuli, asimame, avae viatu vyote viwili. Mguu mmoja mara nyingi ni mkubwa kuliko mwenzake, fuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki kama sentimita moja, upana wa kidole chako kidogo. Hiyo ndiyo ziada ya kukua, haihitaji kuzidi hapo. Atembee, kisigino kikichomoka, kiatu hicho si chake.

Na kama mtoto yuko Unguja au Pemba na wewe unavuka peke yako, msimamishe juu ya karatasi, chora miguu yote miwili, pima kwa tepu kutoka kisigino mpaka kidole kirefu, kisha kata kijiti cha ukuti kilichozidi urefu huo kwa sentimita moja. Ukifika Kariakoo kitumbukize ndani ya kiatu. Kikienea bila kupinda wala kucheza, urefu umepatikana. Upana utautazama kwa ile karatasi. Nauli ya boti kwenda kubadilisha inaweza kushinda bei ya viatu vyenyewe, kwa hiyo kijiti hicho kina thamani. Kila likizo rudia kupima.

Bi harusi wetu, usiseme haya hayakuhusu. Gauni lako utalipima mara tatu, na utalivaa usiku mmoja. Hatukulaumu, sisi ndio tunaokushonea. Lakini wapo mnaoingia nyumba zenye watoto tayari, na mtoto wa mume hataambiwa na mtu kwamba unampenda. Piga goti mbele yake, mshike mguu, umuulize: "Kinakubana wapi?" Ataelewa.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto ni amana pamoja na nyayo zake. Anazitumia kwenda skuli, chuoni na msikitini, na hana uwezo wa kujichagulia kiatu. Akisema hataki kwenda skuli, kabla hujamwita mvivu, mvue viatu utazame miguu.

Allah atusamehe tulipokosea na atukuzie watoto wetu katika kheri. Aamin.