Neno la Mwalimu: Binti Anataka Kusoma Historia



Mwezi huu tumeletewa swali na baba mmoja wa jamaa yetu. Binti yake amemaliza sekondari, na anataka kujiandikisha chuo kikuu asome historia. Baba amekataa katakata. Yeye mwenyewe ni mhitimu wa letre wa Lubumbashi. "Mwalimu," alituambia, "nilisoma fasihi miaka mingi, na sasa kila alfajiri nashuka Gare du Nord kwenda kufagia ofisi za watu. Ya nini mtoto wangu apite njia hiyo hiyo?" Tuliahidi kumjibu katika ukurasa huu, kwa kuwa tunajua hayuko peke yake.

Apitaye stesheni ile saa kumi na moja alfajiri atayaona maneno ya baba huyu kwa macho. Watu wetu wanateremka kutoka kwenye treni, wengine wanapanda kutoka kwenye tramu za chini, wote wakielekea kwenye minara. Minara hiyo ni matunda ya ule mpango wa mwaka 1967 ulioitwa Manhattan, ambao kwa ajili yake maelfu ya wakazi wa mtaa waliondolewa majumbani mwao. Miongoni mwa wanaoshika ndoo humo wamo waliofundisha falsafa Bukavu na waliofasiri nyaraka za serikali Bujumbura. Tena wengi wetu tuliijua stesheni hii kabla ya kuijua kazi: Ofisi ya Wageni ilikuwa hatua chache kutoka hapo, na hadi mwishoni mwa mwaka 2018 waomba hifadhi walipanga foleni mlangoni pake. Mwaka 2015 mamia walilala katika mahema bustanini Maximilien wakingoja zamu. Kwa hiyo mtu aliingia nchini kwa mlango huo, kisha akapata kazi ya kuusafisha mtaa uo huo. Si ajabu akiulaumu mzigo aliokuja nao, yaani diploma yake.

Lakini je, kosa ni la fasihi? Mwaka 2017 Wakfu wa Mfalme Baudouin ulitoa uchunguzi juu ya Wabelgiji wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Watu wapatao 800 walihojiwa. Ilionekana kwamba 6 kati ya 10 wana diploma ya elimu ya juu, kiwango kinachopita wastani wa nchi, na papo hapo ukosefu wa kazi kwao ni mara 4 ya wastani huo. Hao si watu wa letre peke yao. Wamo wahasibu, wauguzi na wahandisi. Mhandisi naye yumo katika treni ile ya alfajiri, ila yeye hakuna anayemwambia kwamba alikosea kuchagua somo! Kinachowafunga wote ni diploma isiyotambuliwa, Kiholanzi kisichojulikana, na jina au rangi ambayo mwajiri huiona kabla hajasoma barua.

Tulinganishe na mahali ambapo diploma hufungua mlango wake. Chuo cha Sanaa na Sayansi cha Marekani kilichapisha mwaka 2018 taarifa juu ya wahitimu wa lugha, historia, falsafa na masomo ya jinsi hiyo. Mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wahandisi, jambo ambalo hatutalificha. Hata hivyo zaidi ya 8 kati ya 10 walisema wameridhika na kazi zao, karibu sawa na wenzao wa fani nyingine. Marekani si Ubelgiji, lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba somo lenyewe halizai huzuni.

Kuridhika, hata hivyo, si kitu kimoja. Tunamfahamu mama mmoja, mhitimu wa isimu, anayefanya usafi wa nyumba kwa vocha za huduma, utaratibu ulioanza mwaka 2004. Ana mkataba, ana likizo, ana bima. Wala haoni haya kwa kazi yake, na asione. Kinachomuuma ni kwamba kwa miaka 11 hakuna hata mmoja aliyemwuliza anajua nini. Tunamfahamu pia kijana anayefasiri Kiswahili hospitalini na katika mahojiano ya waomba hifadhi. Analipwa kwa saa, na mwezi mwingine saa zenyewe ni chache mno. Yeye asema hawezi kuiacha kazi hiyo, maana neno moja likifasiriwa vibaya mtu hurudishwa alikotoka. Huyo ameridhika, na kodi ya nyumba bado inamsumbua. Mambo haya mawili hukaa pamoja katika nafsi moja.

Watu hupenda kututajia Thomas Kanza, aliyehitimu Louvain mwaka 1956 katika saikolojia na ualimu, na miaka 4 baadaye akaiwakilisha Kongo katika Umoja wa Mataifa. Mfano mzuri, ila wakati ule nchi nzima ilikuwa na wahitimu wa kuhesabika kwa vidole. Binti huyu hahitaji mfano mkubwa kiasi hicho.

Maoni yetu ni kwamba aruhusiwe. Diploma yake itakuwa ya hapa hapa, hataiombea ulinganifu kwa mtu. Shule za nchi hii, za Kifaransa na za Kiholanzi, zina upungufu wa walimu. Mhitimu wa historia akiongeza mafunzo ya ualimu ana mahali pa kubisha hodi. Sharti letu ni moja: asome Kiholanzi tangu mwaka wa kwanza, asingoje kumaliza.

Mwisho wa kujiandikisha katika vyuo vikuu vya Kifaransa ni tarehe 30 Septemba. Na wazazi wenye diploma sandukuni, zitoeni. Ulinganifu wa cheti cha sekondari na ule wa elimu ya juu huombwa katika idara mbili tofauti, na wapo waliopoteza miezi kwa kupeleka karatasi kusikohusika. Upande wa Waflemi wana ofisi yao, NARIC-Vlaanderen. Mkazi wa Brussels aweza kuomba huko pia. Pamoja na diploma, tafuteni karatasi za alama za kila mwaka. Aliye na ndugu Lubumbashi au Bukavu amwandikie sasa, kwa kuwa chuo hakijibu upesi.