Gunzi la mahindi dhidi ya mbu

Mvua zikianza, kila mtaa una mtu wa kumwaga oili chafu kwenye dimbwi ili mbu wafe. Viluwiluwi hufa kweli, hukosa hewa. Ila watoto wakicheza hapo wanarudi na oili hiyo miguuni, na kama kisima kiko jirani, ndiyo hivyo tena.

Kuna njia nyingine, na Dar es Salaam imeshaitumia. Mwaka 2006, katika kata 3 za jiji, wakazi waliopewa mafunzo walianza kupita kila wiki wakitawanya punje za kahawia kwenye madimbwi na mitaro. Zile punje ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa na kupakwa bakteria anayeitwa Bti, aliyegunduliwa katika jangwa la Negev, Israel, mwaka 1976. Maambukizi ya malaria kwa watoto wa kata hizo yalipungua.

Kwa nini gunzi? Dawa ya maji ukiipuliza penye nyasi nyingi, sehemu kubwa inabaki kwenye majani. Punje ina uzito, inapenya hadi majini, inalainika na kumwachia bakteria. Gunzi lenyewe linaoza kama takataka za shambani.

Je, mtoto akiligusa? Sumu ya Bti hufanya kazi kwenye utumbo wenye hali ya magadi, kama wa kiluwiluwi. Huyeyuka humo, hutoboa utumbo, na mdudu hufa ndani ya saa 24 hivi. Tumbo letu lina asidi, na samaki nao hawadhuriki. Hata hivyo usimwache mtoto achezee mfuko wake au avute vumbi lake, na akigusa anawe mikono.

Udhaifu wake ni kwamba haidumu, ndiyo maana ilirudiwa kila wiki. Wala haimgusi mbu aliyekwisha kuota mabawa, kwa hiyo neti inabaki pale pale.

Sasa Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda cha viuadudu vya aina hii kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Vyake ni vya maji, havina gunzi. Waulize viongozi wa serikali ya mtaa wako vitanyunyizwa lini, hasa kwenye madimbwi yasiyofukika. Tairi kuukuu na ndoo za uani hazihitaji dawa, mwaga tu maji.