Baba Hataki Kusikia Habari ya Joto la Dunia



Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya jambo linaloleta mabishano katika nyumba nyingi, nalo ni habari ya dunia kuzidi kupata joto. Mama anasema mvua zimepotea majira yake, baba anajibu kwamba ukame ulikuwapo tangu enzi za babu. Mtoto anatoka shuleni na somo la hewa ya ukaa, anaambiwa hayo ni mambo ya Wazungu. Tena siku hizi zinapita katika simu zetu video na mahubiri kutoka Marekani yanayosema kwamba habari yote hii ni uongo. Wengine wenu mmeniuliza: mbona watu wazima, wenye akili na wenye kumcha Mungu, wanakataa jambo ambalo wataalamu wamelipima kwa miaka mingi?

Kazi ya uuguzi imenionyesha kwamba kukataa hakutokani na ujinga peke yake. Mpime mzee presha, umwambie imefika 180 kwa 110. Atakujibu kwamba hasikii maumivu yoyote, kwamba mashine yako ni mbovu, kwamba baba yake alikula chumvi akafikisha miaka tisini. Je, mzee huyu hajui hesabu? Anajua sana. Anajua pia kwamba akikubali, itambidi apunguze chumvi, aache pombe, na ameze dawa kila siku mpaka kufa kwake. Hayo yatakayofuata ndiyo anayoyakataa hasa.

Na vipimo vya dunia vipo. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vikichomwa hutoa hewa ya ukaa, nayo huzuia joto lisitoke, kama blanketi. Kabla ya viwanda kulikuwa na sehemu 280 za hewa hiyo katika kila sehemu milioni za hewa yote. Sasa zimepita 420. Mwaka 2024 ulivunja rekodi ya joto, wastani ukiwa umepanda kama nyuzi 1.5 kupita ule wa miaka ya 1850 hadi 1900. Msiseme nyuzi moja na nusu ni kidogo. Kila mama anajua tofauti kati ya mtoto mwenye 37 na mtoto mwenye 38.5.

Sasa twende huko Marekani zinakotoka video hizo. Seneta James Inhofe alitoka Oklahoma, jimbo lenye visima vingi vya mafuta. Mwaka 2012, katika redio ya Kikristo, alitaja Mwanzo 8:22, ile ahadi ya Mungu baada ya gharika kwamba majira hayatakoma, akasema ni kiburi kudhani binadamu anaweza kubadili hali ya hewa. Mwezi Februari 2015 aliingia na donge la theluji ndani ya Baraza la Seneti kuonyesha kwamba nje kuna baridi. Hiyo ni sawa na kumpima mgonjwa mmoja asiye na homa, ukatangaza kwamba wodi nzima haina malaria! Ama kuhusu aya ile, mimi naisoma na kuiamini. Lakini Yusufu aliishi baada ya ahadi hiyo, na bado njaa ya miaka saba ilikuja, naye akajenga maghala.

Fedha nazo zina neno lake. Sisi wahudumu wa afya tunaijua habari ya sigara. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Januari 1954 kampuni za sigara za Marekani zikatoa tangazo katika magazeti zaidi ya 400, zikidai kwamba jambo hilo halijathibitishwa. Hazikuwa na haja ya kushinda hoja. Ilitosha wavutaji wabaki na shaka, wawashe nyingine. Wenye mafuta nao walipita njia hiyo. Mtaalamu wa kampuni ya Exxon, James Black, aliwaeleza wakubwa wake mwaka 1977 kwamba kuchoma mafuta kutapandisha joto la dunia. Lakini mwaka 2000 kampuni hiyo, ikiwa imekwisha kuungana na Mobil, ililipia tangazo gazetini kusema kwamba sayansi ya jambo hili bado haina uhakika.

Lakini wengi wanaokataa hawana hata kisima kimoja. Wanakataa kwa sababu watu wao wanakataa. Hapa nawaletea habari ya Bob Inglis, Mkristo na mbunge wa South Carolina. Aliingia Bungeni mwaka 1993, na kwa miaka sita alisema habari ya joto la dunia ni upuuzi. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba hakuwa ameichunguza. Alijua tu kwamba Al Gore wa chama kingine anaiunga mkono, basi ikatosha. Mwaka 2004 aligombea tena. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa ametimiza miaka 18, akamwambia: Baba, kura yangu nitakupa, lakini ubadilike katika mambo ya mazingira. Dada zake kijana huyo wakamuunga mkono, na mama yao pia. Hebu fikirini, akina mama, baba wa namna hiyo angejibu nini mbele ya nyumba yake yote?

Alikwenda kujionea. Huko Antaktika wataalamu walimwonyesha barafu iliyochimbwa kutoka chini sana, yenye mapovu ya hewa ya kale, ambayo hupimwa na kuonyesha jinsi hewa ya ukaa ilivyoongezeka tangu viwanda vianze. Kisha alikwenda Australia kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, akatembezwa na mwanasayansi wa huko. Inglis anasema kwamba yule mtu hakumhubiria neno, lakini kwa jinsi alivyomwonyesha samaki na matumbawe alitambua kwamba anamtukuza Muumba. Wakazungumza kama ndugu katika imani. Aliporudi, mwaka 2009, alipeleka Bungeni muswada wa kutoza kodi hewa ya ukaa na kupunguza kodi ya mishahara. Mwaka 2010 wapiga kura wa chama chake wakamtupa nje. Alipata kura 29 tu katika kila 100. Nadhani sasa mnaona watu wanaogopa nini.

Yuko pia Katharine Hayhoe, mwanamke Mkanada, profesa wa mambo ya hali ya hewa huko Texas. Mume wake ni mchungaji, na walipooana hakukubaliana naye katika jambo hili. Walibishana muda mrefu, mume akitafuta majibu mwenyewe, mpaka akaridhika. Mwaka 2009 wakaandika pamoja kitabu kwa ajili ya Wakristo. Mama huyu hupenda kuanzia na kile ambacho mtu tayari anakipenda, na mimi naona ana hekima.

Kwa hiyo msimkabili baba mbele ya wageni. Mtu aliyebanwa mbele ya watu hurudi nyuma mpaka ukutani. Akisema kwamba si sisi tulioharibu, mkubalieni, maana ni kweli: Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 4 katika kila 100 za hewa hiyo. Hata hivyo hewa yenye joto hubeba maji zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, na maji hayo hayachagui mahali pa kumwagika. Mwaka 2024 mafuriko ya Kenya yaliua watu zaidi ya 200.

Siku nyingine mkiwa wawili, muulize mama yake alikuwa akipanda mahindi mwezi gani, na ni mto upi walioogelea utotoni, na leo una maji miezi mingapi. Mwache ahesabu mwenyewe. Na kama nyumbani kuna kijana anayekaribia kupiga kura yake ya kwanza, msimnyamazishe.