Seli Shina na Moyo Ulioumia: Mgonjwa Anastahili Ukweli Wote

Shambulio la moyo linapotokea, mshipa unaolisha misuli ya moyo huziba, na ndani ya saa chache seli za misuli zipatazo hata bilioni moja zaweza kufa. Mahali pake hujengeka kovu. Kovu huushikilia ukuta wa moyo usipasuke, lakini halisukumi damu. Ndipo mgonjwa huanza kuvimba miguu na kulala ameegemea mito mitatu. Mtu wa hali hiyo akisikia kwamba zipo seli shina ziwezazo kuotesha upya msuli uliokufa, nani atamlaumu akiamini?

Imani hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliodai kwamba seli za uboho, zikidungwa katika moyo wa panya ulioumia, hugeuka kuwa msuli mpya. Mwaka 2003 Piero Anversa, mmoja wa watafiti hao, pamoja na wenzake wakadai kwamba hata moyo wenyewe una seli shina zake. Mwaka 2004 maabara nyingine Marekani zilirudia jaribio la uboho na hazikuona msuli mpya. Hata hivyo wagonjwa waliendelea kudungwa. Oktoba 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali ya Brigham and Women's vilitaka makala 31 za maabara ya Anversa zifutwe kwa sababu ya data za uongo, na mwaka 2019 The Lancet likafuta ripoti ya jaribio lililohusisha wagonjwa.

Je, seli hizo hazina faida yoyote? Hapa ndipo penye utamu wa sayansi. Nyingi hutoweka siku chache baada ya kudungwa. Lakini watafiti wa Cincinnati walionyesha kwa panya kwamba hata seli zilizokwisha kufa zilipodungwa, moyo ulipata nafuu ileile: sindano iliamsha seli za kinga, nazo zikalifanya kovu kuwa imara zaidi. Nafuu ilitoka kwenye kinga ya mwili. Hakuna msuli uliozaliwa. Moyo wa mtu mzima hujifanya upya kwa uchache mno, takribani asilimia 1 ya seli za misuli kwa mwaka katika umri wa miaka 25, na chini ya nusu ya hapo katika umri wa miaka 75.

Kwa hiyo si haki mhudumu wa afya kumwambia mgonjwa kwamba seli shina "zinatengeneza moyo". Neno hilo lina bei. Familia huuza kiwanja kwa ajili yake. Utafiti wenye matumaini upo: Januari 2020 huko Osaka, Japani, utando wa seli za misuli ya moyo zilizokuzwa maabara ulipandikizwa juu ya moyo wa mgonjwa. Huo ulikuwa utafiti, wala haukuwa tiba ya kununuliwa.

Mgonjwa anayeshawishiwa aulize mambo matatu: kamati gani ya maadili imeidhinisha, fomu ya ridhaa iko wapi, na kwa nini analipishwa kitu ambacho bado kinajaribiwa. Akiambiwa aache vidonge vyake vya moyo ili seli zifanye kazi, asiviache. Arudi kwanza kwa daktari anayemhudumia.