Alama mpya ziongezwe, za kale zisiguswe



Kila kazi ina njia yake. Mtu akiumia shimoni, kuna mwenye kumwona wa kwanza, mwenye kumfunga kidonda, mwenye kuita ambulansi, na munganga mwenye kumpokea. Kama njia hiyo inakaa katika kichwa cha mkubwa mmoja tu, siku asipokuwepo mgonjwa atangoja. Heri ichorwe na kutundikwa ukutani.

Kwa kuchora njia za kazi kuna lugha ya alama inayotumika katika nchi nyingi: BPMN. Ilitolewa mwaka 2004; toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2013 ikawa kanuni ya kimataifa, ISO/IEC 19510. Kuisoma si vigumu. Duara la mstari mwembamba ni mwanzo, la mstari mnene ni mwisho. Kisanduku chenye pembe za mviringo ni kazi ya kufanya. Umbo la almasi ni njia panda.

Lakini lugha hii ilitungwa kwa kazi za kila namna. Haina alama yake ya kusema: hapa kuna vumbi, hapa kuna gesi, usipite bila kinyago. Basi tufanye nini? Wengine watasema kila kazi ijitungie alama zake. Mimi nakataa. Kama almasi ni njia panda kwa watu wa shimo, na ni hatari kwa watu wa kiwanda, hospitali itasoma nini? Kosa la kusoma litamwangukia mgonjwa.

Kanuni ya BPMN yenyewe inatuonyesha njia. Inaruhusu kuongeza, hairuhusu kugeuza. Maumbo ya msingi yabaki vilevile, na jambo jipya lisipinge maana ya zamani. Huko Dresden, Ujerumani, mwaka 2014 watafiti walifanya hivyo kwa matunzo ya wagonjwa: waliongeza alama za kazi ya kutafuta ugonjwa na kazi ya kuutibu, juu ya msingi uleule.

Kwa maoni yangu, tushike mambo matatu.

Kwanza, tuangalie kama alama ipo tayari. Wakati una alama yake, saa ndani ya duara. Ujumbe una bahasha. Usitunge ya pili.

Pili, alama mpya ziwe chache, na maana yake iandikwe chini ya mchoro, kwa lugha ambayo wafanyakazi wote wanaelewa.

Tatu, alama ya hatari isirukwe. Katika BPMN, nyongeza inaweza kuwekwa kuwa ya lazima kueleweka. Isipowekwa hivyo, mashine isiyoifahamu inaweza kuiacha. Alama ya rangi ya kisanduku ikiachwa, hakuna anayeumia. Alama ya gesi ikiachwa, mtu anakufa.

Ndugu, ukiona mchoro kazini na hujui alama moja, usione haya: uliza mkubwa wako kabla ya kushuka. Na kama yeye pia haijui, alama hiyo haifai bado. Ielezwe kwanza, ndipo itumike. Mchoro mzuri ni ule ambao mtu wa posti ya usiku anausoma bila kumwamsha aliyeuchora.