Shukrani Si Kinga Dhidi ya Maswali

Katika mabanda ya kuonyeshea mpira ya Somanga, jina la Nasreddine Nabi bado huzua ubishi, ingawa aliondoka Yanga tangu Juni 2023. Kijana akithubutu kuhoji uamuzi wowote wa mwalimu huyo, hukatwa kauli kwa methali: shukrani ya punda ni mateke. Swali limegeuzwa kuwa usaliti. Napinga tabia hiyo, kwa sababu haiishii kwenye mpira.

Fadhila za Nabi hazina ubishi. Aliipa Yanga ubingwa wa ligi misimu miwili mfululizo, 2021/22 na 2022/23, kisha akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Lakini kombe hilo lilipoteaje? Mei 28, 2023, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ikaenda Algiers, ikashinda 1-0, na bado ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Kuuliza kwa nini timu iliruhusu mabao mawili nyumbani si kumtukana Nabi. Ni kutaka somo lililolipiwa kwa gharama kubwa lisipotee bure.

Wapo wanaosema kwamba maswali yakiruhusiwa, walimu watafukuzwa kila wiki. Tazameni yaliyompata Miguel Gamondi, mrithi wa Nabi. Novemba 5, 2023, timu yake iliichapa Simba 5-1. Msimu ule akatwaa ubingwa. Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam kisha Tabora United, akaachishwa kazi. Kuabudu na kutupa ni ndugu wa tumbo moja: vyote viwili hutuepusha na kazi ya kupima. Anayepima hamwabudu mtu kwa ushindi, wala hamtupi kwa vipigo viwili.

Watu wa Somanga wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu hapo, Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam. Aliyehoji uimara wa madaraja na makalavati hakuwa amezikana fadhila za waliojenga barabara. Alidai haki yake ya uraia. Je, aliyezoea kunyamazishwa bandani kwa jina la shukrani, ataupata wapi ulimi mbele ya diwani, mbunge au mkuu wake wa kazi?

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hawakutukataza kusifu, walitutaka tuendelee kuonja. Nabi na apewe heshima yake yote. Mwalimu aliyefanya kazi njema haogopi kazi yake ichambuliwe. Waoga ni wapambe wake.